Ramani Inayojirekebisha Safarini: Mwongozo Kamili wa Kuongoza Mwonekano wa Ramani

Dereva hana mkono wa ziada wa kukuza ramani. Macho yake yanaibia barabara sekunde moja tu, na ndani ya sekunde hiyo anatafuta jibu la swali moja: hapo mbele nifanye nini? Ramani ikimwonyesha mji mzima wakati kona iko mita 80 mbele, haimsaidii. Ikimwonyesha mita 80 wakati anakimbia kilomita 100 kwa saa, ndiyo mbaya zaidi, maana mita hizo anazimaliza kabla sekunde tatu hazijatimia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetengeneza programu yake ya kuelekeza njia na anataka ramani ijisogeze, ijigeuze na ijikuze bila kuguswa. Nachukulia kwamba tayari unaweza kuonyesha ramani kwenye ukurasa, na kwamba unapata njia iliyokokotolewa pamoja na orodha ya kona zake. Mifano nimeiandika kwa JavaScript na maktaba ya MapLibre GL JS, lakini hesabu zenyewe hazina maktaba; zipeleke popote.

Kanuni inayobeba kila kitu hapa chini ni hii: pima mbele kwa sekunde, usipime kwa mita. Anayetembea kwa miguu na anayeendesha gari kwenye barabara kuu wanahitaji muda unaokaribiana wa kujiandaa. Kinachotofautiana ni umbali unaoingia ndani ya muda huo.

Hatua ya 1: Vigae vya vekta

Ramani ya mtandaoni huletwa vipande vipande, na kila kipande huitwa kigae. Tumia vigae vya vekta, yaani vyenye data ambayo kifaa huichora chenyewe, si vya picha. Kigae cha picha kina maandishi yaliyokwisha kuchorwa, kwa hiyo ukiigeuza ramani ielekee kusini, majina ya barabara yanasimama kichwa chini. Kwenye vekta majina huchorwa upya na kubaki wima. Tena vekta hukubali kiwango cha zumu (namba inayosema ramani imekuzwa kiasi gani) chenye desimali, kama 15.67, bila ukungu. Leaflet ni maktaba nzuri kwa ramani tuli, lakini yenyewe haina uwezo wa kugeuza ramani mpaka uiongezee programu-jalizi, na kwa kawaida hukwenda kwa viwango vizima vya zumu. Kwa kazi hii inakupa shida mara mbili.

Seva ya vigae ya OpenStreetMap isikuvutie kwa kuwa haina malipo. Masharti yake yanakataza matumizi mazito, na ramani inayofuata gari huvuta vigae bila kupumzika. Tafuta mtoa huduma wa vigae au endesha seva yako.

Hatua ya 2: Pokea mahali, kasi na mwelekeo

Kivinjari kinakupa vyote kupitia `navigator.geolocation.watchPosition`. Weka `enableHighAccuracy: true`, na ukurasa uwe kwenye HTTPS, bila hivyo kivinjari kitakataa, isipokuwa kwenye `localhost`.

Kasi huja kwa mita kwa sekunde, mwelekeo kwa nyuzi kuanzia kaskazini ukizunguka kama saa. Hapa ndipo hitilafu nyingi za ajabu huzaliwa. Kifaa kisipojua mwelekeo hutoa `null`, na kikiwa kimesimama hutoa `NaN`. JavaScript huichukulia `null` kama sifuri kwenye hesabu, na sifuri maana yake ni kaskazini. Matokeo yake gari linasimama, ramani inajipindua kuelekea kaskazini, na dereva anadhani amegeuzwa. `NaN` nayo huambukiza kila hesabu inayofuata. Kwa hiyo usiipe kamera, yaani mwonekano wa ramani, thamani yoyote kabla ya kuihakiki kwa `Number.isFinite`. Isipopita, shikilia ile ya mwisho iliyokuwa nzuri.

Angalia pia `accuracy`, yaani nusu kipenyo cha shaka kwa mita. Ikiwa mita 200, hicho si kipimo cha kukisogezea mshale.

Hatua ya 3: Mshale ukae chini ya kitovu

Barabara uliyokwisha kuipita haina kazi tena. Ukiuacha mshale katikati ya skrini, nusu ya ramani inaonyesha historia. Ushushe mpaka robo ya chini, nafasi iliyobaki uipe barabara iliyo mbele.

MapLibre hufanya hivi kwa kigezo cha `padding`. Chukua skrini ya urefu wa pikseli 800. Ukiweka `padding.top` kuwa 400, kitovu kinahamia katikati ya eneo lililobaki, yaani pikseli 600 kutoka juu. Kibango cha maelekezo kikichukua pikseli 100 za juu, kati yake na mshale zinabaki 500. Namba hiyo ihifadhi, tutaiita `pikseliMbele`. Ikokotoe upya kila simu inapolazwa, maana skrini ikilala urefu wake unapungua sana na mahesabu ya zumu yanabadilika nao.

`padding` hubaki hata baada ya mwendo wa kamera kwisha. Mtumiaji akiomba kuona njia nzima, irudishe sifuri kwanza, la sivyo njia itabanwa chini ya skrini.

Hatua ya 4: Kokotoa zumu

Wengi huanza na jedwali: chini ya kilomita 30 kwa saa zumu 17, chini ya 60 zumu 16, na kuendelea. Inafanya kazi kwenye simu ya aliyeliandika. Kwenye skrini kubwa ya gari au simu ndogo zumu ileile inaonyesha umbali tofauti kabisa. Afadhali uanze na umbali unaoutaka, zumu itokane na umbali huo.

Mzunguko wa dunia kwenye ikweta ni mita 40,075,017. MapLibre kwenye zumu 0 huuchora wote ndani ya pikseli 512, kwa hiyo pikseli moja ni mita 78,271.5. Kila kiwango kimoja cha zumu hugawanya namba hiyo kwa mbili. Maktaba zinazohesabu kwa vigae vya pikseli 256 huanza na 156,543, na ndiyo sababu zumu 16 ya huku inaweza kuwa 17 ya kule. Ukinakili namba kutoka mradi mwingine, kagua hili kwanza.

Kuna jambo la pili. Ramani nyingi za mtandaoni hutumia mchoro wenye asili yake kwa Gerardus Mercator, mwaka 1569, ambao huinyoosha dunia kadiri unavyokwenda mbali na ikweta. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 pikseli moja inabeba nusu tu ya mita inazobeba kwenye ikweta. Kosaini ya latitudo ndiyo inayorekebisha.

Sasa hesabu yenyewe. `kasiLaini` ni kasi iliyolainishwa, tutaipata kwenye hatua ya 5; `umbaliWaKona` ni umbali wa kufika kona inayofuata:

```
let mbele = kasiLaini * 30;
mbele = Math.min(mbele, umbaliWaKona * 1.3);
mbele = Math.max(150, Math.min(mbele, 1200));

const kos = Math.cos(latitudo * Math.PI / 180);
const zumu = Math.log2(78271.5 * kos * pikseliMbele / mbele);
```

Mstari wa kwanza unachukua barabara ya sekunde 30 zijazo. Tuipime kwenye ikweta na pikseli 500. Gari la kilomita 90 kwa saa linakwenda mita 25 kwa sekunde, hivyo mbele ni mita 750 na zumu ni 15.67. Kwa kilomita 36 kwa saa mbele ni mita 300, zumu 16.99. Mtembea kwa miguu wa mita 1.4 kwa sekunde angepata mita 42 tu, kitu kisichoonyesha hata mtaa wa pili, ndipo kikomo cha chini cha mita 150 kinapomwokoa: zumu 17.99. Ile 30 si amri. Kwa malori ningeipandisha mpaka 40, maana lori huchukua muda kuhama njia.

Mstari wa pili ndio unaoipa ramani akili. Kona ikikaribia kuliko zile sekunde 30, ramani inaisogelea kona. Kizidishi 1.3 kinaacha kipande cha barabara baada ya kona, dereva aone anakoingia, si kona tupu iliyogandishwa ukingoni mwa skrini.

Ila kuna hali ambayo mistari hii haiiwezi: kona mbili zinazofuatana. Ukipinda kulia, na baada ya mita 60 unatakiwa kupinda kushoto, kuonyesha ya kwanza peke yake ni kumtega mtu. Kabla ya kukokotoa, tazama umbali kati ya kona inayofuata na ile ya baada yake. Ukiwa chini ya mita 100 hivi, `umbaliWaKona` iwe umbali wa ile ya pili. Kipilefti kihesabu vivyo hivyo, kwa umbali wa kutokea, si wa kuingilia. Dereva anayeingia kwenye kipilefti bila kuona tundu la kutokea hana ramani.

Hatua ya 5: Izuie ramani isipumue

Endesha msimbo huo kama ulivyo, utaona ramani inavuta karibu na kusogea mbali bila kutulia. Kasi hupanda na kushuka kila mara, na zumu inaifuata kama kivuli. Kwenye taa nyekundu ni mbaya zaidi: gari linasimama, ramani inajikuza mpaka lami ijae skrini, taa inawaka kijani, ramani inarudi nyuma. Baada ya taa tatu mtumiaji anazima hiyo huduma.

Dawa ziko nne, na zote ninazitumia kwa pamoja.

Ya kwanza ni kulainisha kasi, lakini kwa upendeleo:

```
if (kasi >= 1) {
  const uzito = kasi > kasiLaini ? 0.5 : 0.1;
  kasiLaini += uzito * (kasi - kasiLaini);
}
```

Ukiongeza mwendo unahitaji kuona mbali mara moja, kwa hiyo uzito ni mkubwa. Ukipunguza, hakuna haraka. Kwa uzito wa 0.1 na kipimo kimoja kila sekunde, sekunde 10 baada ya kupunguza mwendo bado asilimia 35 hivi ya ile tofauti ya kasi haijaisha. Sharti la `kasi >= 1` linaigandisha kasi gari linaposimama, na taa nyekundu haikusumbui tena.

Ya pili ni mwanya. Usibadilishe zumu mpaka ile mpya itofautiane na inayoonekana kwa 0.3 au zaidi. Chini ya hapo jicho halipati faida yoyote ila usumbufu.

Ya tatu ni kikomo cha mwendo wa zumu yenyewe. Nusu kiwango kwa sekunde kinatosha. Ramani inayoruka viwango viwili kwa mpigo humlazimisha dereva kujitafuta upya.

Ya nne watu huisahau: baada ya kupita kona, subiri sekunde tatu kabla ya kusogea mbali. Hizo ndizo sekunde ambazo mtu anahakikisha kwamba barabara aliyoingia ndiyo yenyewe.

Hatua ya 6: Geuza ramani bila kumtia mtu kizunguzungu

Mwaka 1985 kampuni ya Etak ya Marekani ilitoa Etak Navigator, kifaa cha gari kilichokuwa na mshale uliotulia na ramani iliyozunguka chini yake. GPS hakikuwa nayo. Kilitumia dira na vihisi vya magurudumu, na ramani zake zilisomwa kutoka kwenye kaseti. Tangu hapo vifaa vimebadilika kabisa, ila mshale uliotulia umebaki, kwa sababu mtu aliyeshika usukani anafikiri kwa kushoto na kulia, si kwa mashariki na magharibi.

Ugumu ni kupata mwelekeo wa kuaminika. GPS huupata kutokana na mwendo, kwa hiyo gari likiwa polepole mwelekeo unayumba ovyo. Chini ya mita 1.5 kwa sekunde usiusikilize kabisa. Shikilia wa mwisho.

Lakini ukiwa na njia iliyokokotolewa, una chanzo bora kuliko GPS. Shikiza mahali pa gari kwenye mstari wa njia, kisha chukua nukta iliyo mita 25 mbele yake kwenye mstari huohuo. Pembe kutoka nukta ya kwanza kwenda ya pili ndiyo mwelekeo wa ramani. Haitikisiki, na kwenye kona kali ramani inaanza kugeuka kabla gari halijageuka. Gari likiwa mbali na mstari kwa zaidi ya mita 40, liache liongozwe na GPS mpaka njia mpya ipatikane.

Dira ya simu waachie watembea kwa miguu. Ndani ya gari chuma huipotosha, na vishikilia simu vya sumaku huimaliza. Kwenye iPhone, kivinjari hakitoi data ya dira mpaka uite `DeviceOrientationEvent.requestPermission` kutokana na mguso wa mtumiaji, kwa hiyo weka kitufe.

Mtego wa mwisho ni mpaka wa nyuzi 360. Kutoka 359 kwenda 1 ni nyuzi mbili, ila ukitoa tu unapata -358, na kichujio chako kitaizungusha ramani duara zima. Tofauti itafutwe hivi:

```
const tofauti = ((mpya - zamani + 540) % 360) - 180;
```

Jibu huwa kati ya -180 na 180, na kulainisha kufanyike juu yake, kamwe si juu ya pembe zenyewe. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 3, iache ramani ilivyo.

Hatua ya 7: Mwinamo

Mwinamo wa nyuzi 45 mpaka 55 unafaa kwa gari linalokwenda. MapLibre kwa kawaida huishia 60. Kumbuka ramani iliyoinama inaonyesha mbali kuliko hesabu ya hatua ya 4 inavyosema, maana ile ilikuwa ya ramani bapa. Mimi siisahihishi, ziada hiyo ni akiba. Kona ikiwa ndani ya mita 150, shusha mwinamo mpaka 30 hivi, kwa kuwa makutano yaliyobanwa na mwinamo husomeka vibaya. Mtembea kwa miguu mpe sifuri.

Hatua ya 8: Kamera iende, isiruke

Vipimo vya GPS kwa kawaida huja kimoja kila sekunde. Ukiisogeza kamera kila kipimo kinapofika, ramani inaruka. Ukitumia `easeTo`, amri ya MapLibre ya kusogeza kamera kwa mwendo, kama ilivyo, unapata ugonjwa mwingine: mwendo wake wa kawaida huanza taratibu na kumalizika taratibu, kwa hiyo kila sekunde ramani inakimbia na kufunga breki. Iambie iende kwa mwendo ulio sawa:

```
ramani.easeTo({
  center: mahali, zoom: zumu, bearing: pembe, pitch: mwinamo,
  padding: nafasi, duration: 1000, easing: t => t
});
```

Weka kila kitu ndani ya mwito mmoja. Ukiita zumu peke yake kisha mwelekeo peke yake, mwito wa pili unaukatisha wa kwanza njiani.

Sasa kamera inafika mahali pa gari sekunde moja baada ya gari kuondoka hapo. Kwa kilomita 90 kwa saa hizo ni mita 25, zinazotosha kumfanya mtu aone kona bado iko mbele wakati anaipita. Kwa hiyo usiipeleke kamera kwenye mahali palipopimwa. Ipeleke mahali gari litakapokuwa sekunde moja ijayo, ukisogeza mbele kwenye mstari wa njia kwa kasi ya sasa. Njia hiyohiyo inakuvusha kwenye mahandaki ambako setilaiti hazionekani. Ila weka kikomo: sekunde 20 bila kipimo chochote, usimamishe mshale na ubadilishe rangi yake. Mshale unaokwenda kwa kubahatisha huku umevaa rangi ya uhakika ni uongo.

Hatua ya 9: Kidole kina haki kuliko kanuni

Mtumiaji akisogeza ramani, acha kufuata papo hapo. Hakuna kinachoudhi kama kuburuta ramani utazame foleni ya mbele, nayo inakunyang'anya na kujirudisha. Sikiliza matukio ya `dragstart`, `zoomstart`, `rotatestart` na `pitchstart`, kisha tazama kama tukio lina `originalEvent`. Likiwa nayo, limetoka kwa kidole; lisipokuwa nayo, umelisababisha mwenyewe kwa msimbo. Bila kutofautisha hayo mawili, `easeTo` yako itajizima yenyewe.

Nina hali tatu: *kufuata*, *huru* na *muhtasari* (njia nzima). Kidole kinapeleka kwenye huru, kitufe kikubwa kinachoonekana wazi kinarudisha kwenye kufuata. Kwa gari linalokwenda, rudisha pia baada ya sekunde 10 bila mguso, maana dereva huenda hana nafasi ya kutafuta kitufe. Kwa aliyesimama usirudishe kamwe. Huyo anasoma ramani.

Zumu ya vidole viwili ina hukumu yake. Aliyekuza hakusema "acha kunifuata", amesema "nataka karibu zaidi". Endelea kumfuata, chukua tofauti kati ya zumu yake na yako, uiongeze kwenye kila zumu unayokokotoa mpaka kona inayofuata ipitwe. Halafu ifute.

Hatua ya 10: Mwanga, skrini na betri

Badilisha rangi za usiku kwa kukokotoa machweo ya mahali mtu alipo, si kwa saa maalumu. Machweo hutofautiana mno kwa majira na latitudo. Ili skrini isizimike, omba `navigator.wakeLock.request('screen')`, na ukumbuke kuiomba upya kila ukurasa unaporudi kuonekana kwa sababu kivinjari huiachilia ukurasa unapofichwa. Gari likisimama, usiite `easeTo` tena: ramani isiyochorwa upya hailambi betri. Tena heshimu `prefers-reduced-motion`, mpangilio wa mtu aliyeomba mwendo upunguzwe. Kuna watu ambao ramani inayozunguka huwatapisha. Wape kaskazini juu, mwinamo sifuri na `jumpTo`, inayohamisha kamera papo hapo.

Majaribio

Usijaribu ukiwa kwenye usukani. Rekodi safari moja kwa GPX (faili la nukta za safari) ukiwa abiria, kisha andika chanzo bandia kinachozisoma nukta hizo na kuziingiza kwenye msimbo wako badala ya `watchPosition`. Zana za vihisi (Sensors) za Chrome hukuwezesha kubandika mahali, lakini hazikupi safari yenye kasi na mwelekeo, ndiyo maana chanzo bandia kinahitajika. Kwa programu za simu kazi ni nyepesi: kiigaji cha Android kinaweza kucheza faili za GPX, na kile cha Xcode kina safari zilizoandaliwa za gari, baiskeli na mkimbiaji.

Icheze rekodi kwa kasi ya kawaida angalau mara moja, hata kama inachosha. Hitilafu za kupumua na kizunguzungu hazionekani ukiikimbiza. Kisha iharibu kwa makusudi: ondoa sekunde 15 za vipimo, ingiza `null` kwenye mwelekeo, sogeza nukta moja mita 300 pembeni, simamisha gari kwa dakika mbili. Mwisho tazama picha za skrini za sekunde tano kabla ya kila kona, ukimpa mtu asiyeijua njia. Akishindwa kukuambia apinde wapi, anza kwa kupandisha ile 1.3, halafu ndiyo uguse 30.